Kabla ya Komenti Kulikuwa na Shanga: Wafanyabiashara Walivyojifunza Kusikiliza Watu

Kila mtu mjini anamjua yule dada muuza viatu wa mtandaoni. Asubuhi anapiga picha mzigo mpya, anaposti, anaandika "bei njoo inboksi", halafu anaendelea na mishe zake. Jioni akifungua simu anakuta komenti 40. Kumi zinauliza bei. Saba zinauliza duka liko wapi. Tano zinauliza kama kuna namba 41. Mbili zinatoa povu: viatu vya mzigo uliopita vilibanduka soli wiki ya pili tu. Dada anafuta hizo mbili, anagonga moyo kwenye zile za kumsifia, analala. Mwezi unaofuata anaanza kulia kwamba biashara imekuwa ngumu, watu hawana hela.

Hela watu wanazo, na walishamwambia wanataka kuzitumiaje. Yeye hakusikia.

Siku hizi kuna programu za kufanya kazi hiyo ya kusikia. Zinapita mitandaoni, zinakusanya kila palipotajwa jina la biashara, zinahesabu, zinachora grafu, na kumwambia mwenye biashara watu wamefurahi au wamenuna. Makampuni makubwa yanazilipia mamilioni. Ukisikia jinsi zinavyotangazwa unaweza kudhani jambo hili lilianza na Facebook. Wapi! Ukanda huu wa Afrika Mashariki ulikuwa unawafundisha wafanyabiashara kusikiliza tangu enzi za meli za tanga, na aliyekuwa hasikii alikuwa anakufa njaa porini. Hapo siyo kuongeza chumvi.

Shanga zisizotakiwa ni mzigo wa mawe

Rudi karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi hadi Ujiji. Bara wakati ule sarafu ilikuwa haisaidii sana. Chakula cha wapagazi, hongo ya kupita kwenye nchi ya mtu, maji, kila kitu kililipwa kwa nguo, shanga na waya. Sasa shida ilikuwa moja: kila sehemu ina fasheni yake.

Henry Morton Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, jambo hili lilimuumiza kichwa. Aliandika baadaye kwamba Unyamwezi walitaka shanga nyekundu, zile za samisami, na nyingine wakizikataa. Shanga nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, lakini kwingine kote hazina thamani. Zile kubwa za sungomaji zilipendwa Ujiji, ukizipeleka kwingine unachekwa. Nyeupe zilikubalika Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Ilibidi apige hesabu atakaa siku ngapi kila nchi, ndipo anunue. Mwisho akaondoka na magunia 22 ya shanga. Ukikosea hesabu hapo, unafika katikati ya safari na mzigo mabegani mwa watu ambao haununui hata kibaba cha mtama.

Mwingereza mwingine, Richard Burton, aliyepita njia hiyohiyo kuanzia mwaka 1857, aliandika majina ya utani ambayo watu walizipa shanga zilizokuwa zinatamba. Kuna zilizoitwa za kumaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake azipate. Nyingine ziliitwa za kuvunja mji, kwa vile wanawake walizipenda kiasi cha kuwafilisi waume zao. Watu walikuwa wanatoa maoni juu ya bidhaa kwa lugha kali kuliko komenti za leo.

Swali la kujiuliza: Stanley alijuaje haya yote kabla hajatia mguu bara? Aliuliza. Wafanyabiashara wa Kiarabu pale Unguja walimpa somo, na wao somo hilo walilipata kwa waliokuwa wanaenda na kurudi: wapagazi wa Kinyamwezi na makirangozi waliotangulia mbele ya msafara. Hao ndio waliojua mwezi huu Tabora wanavaa nini. Habari yao ilikuwa na thamani kuliko mzigo wenyewe, na ilichacha haraka, maana fasheni ikibadilika ghala zima la pwani linageuka takataka. Jina la Stanley liko kwenye vitabu. La kirangozi aliyeleta taarifa halimo.

Wamarekani nao waliingia darasa hilohilo. Tangu mkataba wao na Seyyid Said mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cheupe cha pamba kilichopendwa mpaka kikapewa jina la kwao: merikani. Mawakala wao Zanzibar walikuwa wanaandika barua nyumbani kueleza mteja wa huku anataka nini na anakataa nini. Barua ilisafiri miezi, mzigo ukarudi miezi. Leo mtu akicheleweshewa jibu dakika kumi anahamia duka lingine.

Wanawake walioshona wenyewe wanachokitaka

Kisa cha kanga ndicho kitamu zaidi. Nusu ya pili ya karne ya 19, madukani pwani ziliuzwa leso za rangi, neno lililotoka kwa Wareno. Zilikuja zimeunganika kwenye jora na kila mnunuzi alikatiwa zake. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Zanzibar wakaanza kununua leso sita kwa mpigo, wakazikata tatu-tatu, wakashona vipande viwili pamoja na kupata vazi moja pana. Hakuna aliyemwandikia barua mwenye kiwanda. Walivaa tu, wakapita mtaani.

Mwenye duka mwenye macho aliona. Mbona leso zinanunuliwa sita-sita? Mbona zinavaliwa hivi? Oda zikapelekwa kwa wachapaji wa nguo Ulaya na India: chapeni kitambaa kizima, chenye pindo na mji wake, mtu asihangaike kushona. Kanga ikazaliwa. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887 likapata umaarufu na alama yake ya "Mali ya Abdulla", na ndilo linalotajwa sana kuhusu kuweka maneno kwenye kanga, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Hapo mambo yakawa moto. Mwanamke alikuwa haongei, anajifunga. Jirani anasoma, ujumbe umefika. Ilikuwa stetasi kabla ya WhatsApp.

Na haikuwa urembo mtupu. Mtumwa alivaa merikani isiyo na nakshi au kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani walikimbilia kanga. Kujifunga kanga mpya ilikuwa njia ya kusema hadharani: mimi siyo mali ya mtu tena. Mfanyabiashara aliyeona rangi tu aliona nusu. Aliyeelewa mteja anatafuta heshima, huyo alielewa kwa nini fasheni inabadilika kila mara na kwa nini doti ya msimu uliopita hainunuliki hata kwa bei ya kutupa.

Jina la duka lipo mpaka leo. La mwanamke wa kwanza kushika sindano na kuunganisha leso halipo popote.

Wasomaji wenye mikasi

Wakati huohuo Ulaya na Marekani magazeti yalikuwa yamefurika. Msanii wa jukwaani Paris akicheza tamthilia leo, kesho anataka kujua ameandikwa vipi, na kununua magazeti yote hawezi. Mwaka 1879 ikaanzishwa Argus de la Presse, ofisi iliyomsomea. Mwaka 1888 New York ikapata Burrelle's. Ndani ya ofisi za namna hii walikaa wasomaji, wengi wao wasichana, wenye orodha ya majina kichwani na mikasi mkononi. Jina la mteja likionekana, kipande kinakatwa, kinabandikwa, kinatumwa. Wanasiasa wakajiunga, viwanda navyo vikajiunga.

Ukitazama, programu ya leo inafanya kazi ya yule msichana: weka neno, subiri, letewa palipotajwa. Tofauti ni kasi. Ila mkasi ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ulisikia magazeti tu. Mama aliyenunua sabuni ikamuunguza mikono hakuwa na gazeti, kwa hiyo hakuwepo. Kwa zaidi ya miaka 100 malalamiko yake yaliishia dirishani kwa jirani.

Kisha intaneti ikampa kipaza sauti.

Mteja mmoja, kampuni nzima jasho

Juni 2005 mwandishi mmoja wa habari Marekani alinunua kompyuta ya Dell, akalipia kabisa huduma ya fundi kumfuata nyumbani. Mashine ikaharibika, huduma aliyoilipia ikawa danadana. Akaandika kwenye blogu yake. Wasomaji wakamiminika na visa vyao vya aina hiyohiyo, uzi ukawa hauishi. Iliripotiwa kwamba sera ya kampuni wakati huo ilikuwa kusoma blogu bila kujibu chochote. Yaani walikuwa wanaona moto na kukunja mikono. Jamaa alirudishiwa hela yake, akahamia kwa mpinzani, na kisa chake kikawa somo la kufundishia wanafunzi wa biashara.

Mwaka uliofuata moto ukawa wa kweli. Picha za laptopu ya Dell ikiwaka kwenye mkutano Osaka, Japani, zilizagaa mitandaoni Juni 2006. Agosti kampuni ikaita zirudishwe betri milioni 4.1. Safari hii hawakukaa kimya. Walifungua blogu yao, wakaanza kuwafuata waliolalamika na kuwasaidia, na Februari 2007 wakaanzisha IdeaStorm, ukurasa wa wateja kutoa mawazo na kuyapigia kura. Watu wakasema kwa wingi: tunataka kompyuta zenye Linux. Mei mwaka huohuo Dell ikaanza kuuza zenye Ubuntu. Siyo asante kwa maoni yako halafu kimya. Bidhaa ilibadilika, kama kanga.

Wengine walichelewa kupata somo. Mwaka 2008 mwanamuziki mmoja wa Kanada alisafiri na shirika la ndege la United, gitaa lake la dola 3,500 likavunjwa kwenye mizigo. Alifuatilia fidia miezi tisa, akakataliwa. Julai 2009 akatoa wimbo na video YouTube kuhusu gitaa hilo. Siku ya kwanza watu 150,000 walitazama, kufikia katikati ya Agosti wakafika milioni 5. Matengenezo ya gitaa yalikuwa dola 1,200 tu. Shirika likamtafuta lenyewe kutaka yaishe, ila wimbo ulishatoka.

Na huku kwetu? Julai 2015, Obama akiwa njiani kwenda Kenya, CNN iliielezea nchi hiyo kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wa Twitter wakawasha #SomeoneTellCNN, na ikatrendi kweli. Mwezi uliofuata bosi mmoja wa CNN alipanda ndege mpaka Nairobi kuomba radhi ana kwa ana. Waliotuma zile twiti wengi hawana majina yanayokumbukwa. Walisikika.

Chumba cha skrini

Baada ya vipigo kama hivi, kusikiliza kukawa biashara yenyewe. Google Alerts, inayokutumia barua pepe jina lako likitajwa kwenye wavuti, ilitoka mwaka 2003 na mpaka leo ni bure. Radian6 ilianza mwaka 2006 katika mji mdogo wa Fredericton, Kanada. Ilipofika 2011, Salesforce iliinunua kwa takriban dola milioni 326, fedha taslimu na hisa kwa pamoja. Mwaka 2010 Gatorade walifungua chumba Chicago kilichojaa skrini za kufuatilia gumzo. Waliona watu wanauliza sana kuhusu wimbo uliotumika kwenye tangazo lao, wimbo wa rapa David Banner. Ndani ya saa 24 toleo refu la wimbo likawa mtandaoni. Desemba mwaka huo Dell nao wakafungua chumba chao Texas. Ilielezwa kwamba kila siku walikuwa wanatajwa mara zaidi ya 22,000.

Kwa namba hizo hakuna binadamu anayeweza kusoma kila kitu, kwa hiyo mashine ikapewa kazi ya kuamua: hii komenti ni ya furaha au hasira? Na hapa mtu wa Dar au Nairobi anaanza kucheka.

Mashine iliyofundishwa Kiingereza ikikutana na "dada umeua" itafanya nini? "Hii ngoma ni hatari." "Pilau la huyu mama ni noma." "Wewe jamaa ni mbaya sana." Yote hayo ni sifa, ila mashine iliyotafsiri nenokwaneno inaweza kumripoti mama wa pilau kama janga la taifa. Upande wa pili kuna "hongera sana kwa huduma nzuri, nimesubiri saa tatu tu". Hapo mashine inaona hongera, inaona nzuri, inachora grafu inapanda juu. Ongeza Sheng' ya Nairobi inayobadilika kila kukicha, ongeza mtu anayechanganya Kiswahili, Kiingereza na vikatuni vya kicheko kwenye sentensi moja. Watafiti wameanza kuliziba pengo hilo. Mwaka 2023 mkusanyiko uitwao AfriSenti ulitolewa ukiwa na twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizosomwa na watu wanaozijua lugha hizo. Kwa maneno mengine, ili mashine ielewe, ilibidi kwanza wakae watu wa nyumbani wasome moja baada ya nyingine. Makirangozi wamerudi kazini.

Kusikiliza na kuchungulia

Kuna upande ambao wauza programu hawaupendi kuzungumzwa. Zana ya kumsikia mteja ndiyo hiyohiyo inayoweza kumpeleleza. Oktoba 2016 watetezi wa haki za raia huko California walionyesha kwamba kampuni ya Geofeedia ilikuwa inawauzia polisi uwezo wa kufuatilia posti za waandamanaji. Facebook, Instagram na Twitter wakaikatia. Mwaka 2018 ikalipuka kashfa ya Cambridge Analytica. Facebook wenyewe walikadiria taarifa za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa isivyostahili, na bosi mmoja wa kampuni hiyo akanaswa kwenye kamera ya siri akijigamba kuhusu kazi zao kwenye chaguzi za Kenya.

Baada ya hapo milango ikaanza kufungwa. Sheria zikaja, Kenya mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, zote zikimlinda mtu na taarifa zake. Mitandao nayo ikabana: mwaka 2023 Twitter ikaondoa njia ya bure ambayo programu nyingi ndogo ziliitumia kusoma twiti, na Agosti 2024 Meta wakaifunga CrowdTangle, zana ambayo waandishi na watafiti waliitegemea kuona nini kinasambaa. Kwa kampuni kubwa ni gharama tu ya kuongeza kwenye bajeti. Kwa mtu mdogo, ile ndoto ya kusikia mji mzima bure imepungua.

Lakini mtu mdogo hajawahi kuhitaji mji mzima. Mwenye duka la pwani hakusikia dunia yote, alitazama waliopita mbele ya mlango wake.

Yule dada wa viatu ana komenti 40. Akikaa nazo nusu saa na daftari, kuna kila kitu. Kumi wameuliza bei, maana yake "njoo inboksi" inawakera na wengine wanapita kimya. Watano wanataka namba 41, mzigo ujao uje nazo. Akitafuta jina la duka lake kama watu wanavyolikosea kuliandika, atakuta yanayosemwa bila yeye kutajwa. Akipitia komenti za mpinzani wake ataona wateja walioachwa wamenuna, wanasubiri wa kuwajali. Na wale wawili wa soli ndio wa thamani kuliko wote. Walitumia bando lao kumwambia fundi wake anatumia gundi mbaya, kabla mteja wa kumi hajatoa video. Kuwafuta ni kama kumfukuza kirangozi katikati ya safari kwa sababu kaleta habari usiyoipenda, halafu uendelee kusonga mbele na magunia ya shanga zisizotakiwa.

Historia imemkumbuka mwenye duka na imemsahau aliyeshona leso. Yule mwanamke hakulipwa kwa wazo lake, wala hakutajwa. Leo anayekomenti ana jina na picha, anaweza kujibiwa, kushukuriwa na kutumiwa pea nyingine bila malipo. Hilo karne ya 19 halikuwezekana. Sasa linachukua dakika mbili.

Haya wadau, komenti gani uliwahi kumwandikia muuzaji akakufuta au akakublock? Na nani aliwahi kukusikiliza mpaka ukawa mteja wake wa kudumu? Tiririka hapo chini.